Neno la Kiingereza “undersell”: ni kuuza kwa bei ya chini, au ni kujishusha?

MamaSabuni_Katuba aliuliza:

Ndugu wasomaji, jambo kwenu wote. Ninauza sabuni na mafuta ya kupikia kwa jumla hapa Lubumbashi, na sehemu kubwa ya mzigo wangu huingia kupitia mpaka wa Kasumbalesa. Kifaransa ninakimudu, na Kiswahili ni lugha yangu ya nyumbani na ya sokoni, lakini Kiingereza ninakisoma kwa kupapasa. Sasa kuna neno moja limenikwamisha, kwa sababu nimelikuta mahali patatu na kila mahali linaelekea kusema jambo jingine.

Mahali pa kwanza ni rasimu ya mkataba niliyoletewa na mtengenezaji mmoja wa sabuni wa Ndola, nchini Zambia, anayetaka niwe miongoni mwa mawakala wake upande huu wa mpaka. Kifungu kimoja kinasema: “The agent shall not undersell other agents in the territory.” Nilipoliingiza neno hilo katika programu ya kutafsiri iliyomo kwenye simu, nilipewa “kuuza kidogo”, nikashtuka: je, mwezi ambao nitauza katoni chache kuliko wenzangu nitahesabiwa kuwa nimevunja mkataba? Kamusi ya Kifaransa ikanipa “vendre moins cher que”, yaani kuuza kwa bei ya chini kuliko mwingine, na hiyo inaelekea kuwa na maana zaidi, ila sitaki kutia sahihi kwa kubahatisha.

Mahali pa pili ni ripoti ya binti yangu. Anamaliza masomo ya uchumi katika chuo kikuu hapa mjini, na alifanya mafunzo ya kazi katika ofisi ya usafirishaji ambako barua nyingi huandikwa kwa Kiingereza. Msimamizi wake amemsifu, lakini katikati ya sifa hizo ameweka sentensi hii: “She tends to undersell herself.” Nikifuata kamusi ileile, inakuwa kwamba binti yangu hujiuza kwa bei ya chini, na ninyi mnajua neno “kujiuza” lina uzito gani kwetu. Binti mwenyewe anasema hakuna tusi hapo, lakini hakuweza kunieleza vizuri kilichokusudiwa.

Mahali pa tatu ni bango lililokuwa juu ya mlango wa duka la samani huko Kitwe, Zambia: “We will not be undersold.” Hilo sikulielewa kabisa. Je, wanasema hawatakubali kupunguza bei? Mbona basi ndani ya duka walikuwa wakipunguza?

Naomba anayekijua Kiingereza vizuri anieleze neno hili linavyotumika, na kwa Kiswahili tuliseme vipi bila kumchafua mtu.

Mwalimu_Kamalondo alijibu:

Mama, jambo sana. Nimefundisha Kiingereza kwa muda mrefu katika shule za sekondari za mji huu, na neno hili huwasumbua hata wanafunzi wangu walio bora, kwa sababu umbo lake linaonekana jepesi. “Sell” ni kuuza, “under” ni chini, basi mtu hudhani ameshamaliza kazi. Lakini “chini” ya nini? Hapo ndipo maana zinapoachana, na njia ya hakika ya kuzitambua ni kutazama kile kinachotajwa baada ya kitenzi: ni mshindani, ni bidhaa, au ni sifa za mtu au jambo?

Kinachofuata kikiwa ni mshindani, yaani muuzaji mwingine, maana yake ni kuuza kwa bei ya chini kuliko yeye. Hii ndiyo maana kongwe. Waingereza wamekuwa wakilitumia neno hili katika mambo ya biashara tangu karne ya 17. Katika mkataba wako yametajwa “other agents”, mawakala wengine, kwa hiyo kifungu kinakukataza kuuza kwa bei iliyo chini ya ile ya mawakala wenzako. Hakihusu hata kidogo idadi ya katoni utakazouza, na programu yako ya simu imekupoteza. Sisemi kwamba maana ya kuuza idadi ndogo haipo kabisa, kwa maana husemwa kwamba onyesho fulani liko “undersold” pale tiketi zake nyingi zinapobaki bila mnunuzi, lakini matumizi hayo ni machache na katika mkataba wako hayana nafasi.

Kinachofuata kikiwa ni bidhaa, maana yake ni kuiuza chini ya thamani yake, jambo ambalo Mfaransa angeliita “brader” na sisi tungesema kuuza kwa bei ya kutupa. Na kinachofuata kikiwa ni sifa, kazi au nafsi ya mtu, hapo hakuna fedha tena. “Sell” katika Kiingereza cha leo ina pia maana ya kumshawishi mtu aone uzuri wa jambo: mwanasiasa huuza mpango wake, mwalimu huuza wazo lake kwa mkuu wa shule, bila senti moja kupita mkononi. “Undersell” katika maana hiyo ni kulieleza jambo kwa namna inayolifanya lionekane dogo kuliko lilivyo. Sentensi ya binti yako ni ya aina hii, na nitamwachia mwenzangu yeyote mwenye ujuzi wa tafsiri atusaidie kupata maneno yake ya Kiswahili.

Bango la Kitwe linahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu kitenzi kimegeuzwa kuwa kauli ya kutendwa, na hapo ndipo wasomaji wengi hujikwaa. “Undersold” ni umbo la wakati uliopita na la kutendwa. Neno “underselled” halipo. Katika sentensi “We will not be undersold”, anayetendwa ni duka lenyewe, na kutendwa kwenyewe ni kupitwa na duka jingine kwa bei nafuu. Kwa hiyo wanasema: hatutakubali duka lolote liuze kwa bei iliyo chini ya yetu; ukilipata, tuambie, nasi tutashuka hadi hapo. Kwa mnunuzi hiyo ni ahadi ya bei nafuu, kinyume kabisa cha ulivyodhani, na ndiyo maana ndani ya duka walikuwa wakipunguza.

Mfano wenye sifa kubwa wa ahadi ya namna hii unatoka Uingereza. Mwaka 1925 John Spedan Lewis, mwana wa mwanzilishi wa maduka ya John Lewis, aliweka katika duka lao la Peter Jones, huko Sloane Square jijini London, kauli mbiu ya maneno matatu: “Never Knowingly Undersold.” Ukiitafsiri neno kwa neno unapata kitu kama “haijauzwa chini kamwe kwa kujua”, nawe utadhani wanajivunia kutouza bidhaa zao kwa bei ya kutupa. Sivyo. Wanasema kwamba hawatakubali, wakiwa na habari, duka jingine liuze kitu kilekile kwa bei ya chini kuliko wao, na mnunuzi akionyesha kwamba kuna mahali kinauzwa kwa bei nafuu zaidi, hurudishiwa tofauti. Neno “knowingly”, kwa kujua, ndilo linalowalinda, kwa kuwa hakuna mwenye duka anayeweza kujua bei za maduka yote ya nchi. Maduka ya John Lewis yaliishikilia kauli hiyo kwa karibu karne nzima, yakaiacha mwaka 2022, wakati ambapo watu wengi walikuwa wamehamia kununua kwenye intaneti na ahadi ile haikuyahusu maduka yanayouza kwenye intaneti peke yake, kisha yakairudisha mwezi Septemba 2024. Ninapenda kuwapa wanafunzi mfano huu kwa sababu anayeuelewa hatababaishwa tena na umbo hilo la kutendwa.

Kijana_wa_Soko_Kenya alijibu:

Asante, Mwalimu. Mimi nina duka dogo la nguo katika soko la mtaa wa Kenya hapa Lubumbashi, na ninaona kwamba jambo hili tunalo neno lake siku nyingi: tunasema “kuharibu soko”, na wengine husema “kuvunja bei”. Mtu akishusha bei ya suruali ambayo safu nzima inaiuza kwa bei moja, wenzake humwendea na kumwambia, “Ndugu, unatuharibia soko.” Je, si hilohilo? Kwa nini tusilitafsiri hivyo moja kwa moja kwenye mkataba wa Mama?

Mwalimu_Kamalondo alijibu:

Ndugu yangu, tendo ni lilelile, lakini hukumu juu ya tendo ni tofauti, na katika tafsiri hukumu ni jambo zito. Anayesema “unaharibu soko” ameshamtia mwenzake hatiani. Maneno hayo hutoka kinywani mwa muuzaji aliyeumia na hayawezi kutoka kinywani mwa mnunuzi aliyepata nafuu. Neno la Kiingereza halina hatia ndani yake. Duka huweza kujigamba katika tangazo kwamba linauza kwa bei ya chini kuliko washindani wake wote, likitumia kitenzi hikihiki. “Kuvunja bei” liko karibu zaidi, kwa sababu hata mwenye duka hulitumia kujisifia, lakini lenyewe halisemi bei imevunjwa kuliko ya nani, ilhali katika mkataba wa Mama jambo lote limekaa hapo, kwa kuwa bei inayokatazwa inapimwa kwa bei ya wenzake. Katika mkataba ningeandika kwa urefu: “kuuza kwa bei iliyo chini ya bei ya mawakala wengine.” Ni maneno mengi kwa neno moja, lakini hakuna atakayeyasoma vibaya.

Mfasiri_Ruashi alijibu:

Mama, habari za nyumbani. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka kati ya Kiingereza, Kifaransa na Kiswahili, na sentensi ya binti yako ndiyo iliyonivuta niandike, kwa sababu ninaamini amesifiwa zaidi ya unavyodhani.

Kwanza tuondoe hofu. Katika Kiingereza, “to sell yourself” mahali pa kazi ni kueleza uwezo wako kwa mwajiri ili auone. Zipo sentensi ambazo maneno hayo huweza kuwa na ile maana mbaya tunayoiogopa, lakini katika ripoti ya kazi hakuna Mwingereza atakayeifikiria. Kwa hiyo kitenzi “kujiuza” tukiweke mbali kabisa na tafsiri hii.

Pili, tazama jinsi sentensi ilivyojengwa. Mtu hawezi kusema kwamba fulani “undersells herself” bila kuwa ameshaamini kwamba thamani ya huyo fulani ni kubwa kuliko alivyojieleza. Lawama ni ndogo, na imebebwa na sifa kubwa. Ni sawa na kumwambia mtu, “Kazi yako ni nzuri kuliko ulivyotuambia.” Na neno “tends” linapunguza ukali zaidi: ana mwelekeo huo, haimaanishi kwamba ndivyo alivyo siku zote.

Wengi wangetafsiri kwa “anajidharau” au “anajidunisha”, nami ninapinga yote mawili. Anayejidharau anaamini moyoni kwamba hana thamani. Anayejidunisha anajishusha mbele za watu hadi heshima yake inaguswa. Binti anaweza kujiamini kabisa moyoni na bado akajieleza kwa ufupi mno. “Anajishusha” nalo lina tatizo la upande wa pili, kwa sababu kwetu kujishusha ni adabu, na msichana anayejishusha mbele ya wakubwa husifiwa kwa malezi aliyopewa. Msomaji wa Kiswahili angedhani msimamizi anapongeza unyenyekevu. Ninapendekeza: “Ana mwelekeo wa kujieleza chini ya uwezo wake halisi.” Hapo sifa inabaki, lawama inabaki, na hakuna aliyetukanwa.

Nikupe mfano wa jinsi jambo hili linavyotokea kwenye karatasi. Mwanafunzi amekaa ofisini, akapewa daftari la mizigo inayongoja mpakani, akagundua kwamba malori mawili yameandikwa kwa namba moja ya tamko la forodha, akapiga simu, akasahihisha, na mizigo ikapita. Anapoandika wasifu wake anasema, “Nilisaidia katika kazi za ofisi.” Hakusema uongo, lakini mwajiri anayesoma hataona malori, hataona daftari, hataona kwamba kosa lingeweza kuizuia mizigo kwa siku kadhaa. Hiyo ndiyo “underselling” ya nafsi. Angeandika, “Nilikagua daftari la mizigo ya mpakani na kusahihisha namba za matamko ya forodha”, asingekuwa amejigamba. Angekuwa ameeleza tu kile alichofanya. Vijana wetu wengi huanguka hapa wanapoomba kazi kwa Kiingereza, kwa sababu wamefundishwa nyumbani kwamba sifa ya mtu hutajwa na mwingine, na malezi hayo ninayaheshimu kwa moyo wote. Lakini anayesoma barua ya maombi hana jirani wa kumuuliza, anayo karatasi hiyo tu mbele yake.

Niongeze matumizi mengine ambayo Mwalimu ameyagusa kwa mbali. Jambo linalotajwa baada ya kitenzi hiki si lazima liwe zuri. Mwandishi wa habari akiandika kwamba mvua “imesababisha usumbufu” mahali ambapo nyumba zimebomoka, Mwingereza anaweza kusema kwamba maneno yake “undersell” yaliyotokea, yaani yanayafanya yaonekane madogo. Hapa kuna jirani yake, “understate”, na wanafunzi huuliza tofauti. “Understate” ni kulitaja jambo kwa kipimo kidogo kuliko kilivyo: hasara ni kubwa, wewe unasema ni ndogo. “Undersell” bado ina harufu ya sokoni, kwa maana kwamba ulikuwa na jambo la kumshawishi msikilizaji nalo, nawe hukulipa nguvu yake. Mhasibu aliyeandika hasara pungufu katika vitabu ame-“understate”; hawezi kusemwa kwamba ame-“undersell”, kwa kuwa vitabu vya hesabu havimshawishi mtu.

Kinyume chake ni “oversell”, nalo lina pande mbili vilevile. Shirika la ndege linalouza viti vingi kuliko vilivyomo ndani ya ndege limefanya hivyo, na mtu anayesifia dawa au mradi kupita kiasi amefanya hivyo pia.

Mhasibu_Kampemba alijibu:

Ninawashukuru walimu wa lugha kwa maelezo yao. Mimi ningependa kurudi kwenye mkataba, kwa sababu Mama anaombwa kutia sahihi, na neno likieleweka nusu huweza kumgharimu.

Katika biashara kuna maneno kadhaa ya Kiingereza yanayozunguka jambo moja, nayo hutofautiana kwa kile ambacho bei inapimwa nacho. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, katoni ya sabuni unainunua Ndola kwa dola 18, na usafiri, ushuru na ghala vinakula dola 4, hivyo imekufikia kwa dola 22. Mawakala wenzako wanaiuza dola 26. Ukiiuza dola 25, umeuza kwa bei ya chini kuliko wao, ingawa bado unapata faida ya dola 3 kwa kila katoni. Hiyo ndiyo “undersell”, na Kiingereza cha kila siku hutumia pia “undercut” kwa jambo hilohilo. Ukiiuza dola 21, umewapita wenzako na pia umekula hasara. Na kama mawakala wote, wewe ukiwemo, mtaiuza dola 21, wote mmekula hasara lakini hakuna aliyemfanyia mwenzake “undersell”, kwa sababu bei zenu ni sawa. Ninasisitiza hili kwa kuwa wafanyabiashara wengi hudhani neno hilo lina maana ya kuuza kwa hasara. Hapana. Hasara hupimwa kwa gharama zako. Neno hili, likifuatwa na mshindani, hupima kwa bei ya mshindani peke yake. “Underprice” nalo hupima kwa thamani ya bidhaa yenyewe.

Lipo pia neno “dumping”, ambalo magazeti hulitumia ovyo kwa bidhaa yoyote ya bei rahisi. Katika sheria ya biashara ya kimataifa, kwa mujibu wa ibara ya 6 ya mkataba wa GATT, yaani Makubaliano ya Jumla ya Ushuru na Biashara, kipimo chake ni kingine kabisa: bidhaa inauzwa katika nchi ya kigeni kwa bei iliyo chini ya ile inayouzwa kwao katika biashara ya kawaida. Sabuni ya Ndola ikiuzwa Lubumbashi kwa bei nafuu kuliko sabuni yetu, hilo peke yake halitoshi kuitwa hivyo. Sharti iwe nafuu kuliko inavyouzwa Zambia kwenyewe. Na jambo ambalo litamfurahisha Mwalimu: wachunguzi wanapolinganisha bei ya bidhaa iliyoingizwa na bei ya bidhaa ya nyumbani, mkataba wa Shirika la Biashara Duniani hutumia neno “undercutting”, ilhali sheria ya Marekani kwa jambo hilohilo hutumia “underselling”. Tendo moja, maneno mawili, kutegemea nani aliandika.

Sasa kifungu chenyewe. Mama, kabla ya kuuliza neno hili lina maana gani, uliza neno “agent” lina maana gani katika karatasi hiyo. Kama sabuni inabaki mali ya mtengenezaji mpaka iuzwe, nawe unalipwa kamisheni, basi wewe ni wakala wa kweli, na ni kawaida mwenye mali kukupangia bei, kwa kuwa anauza mali yake kupitia mkono wako. Lakini kama unailipia sabuni, unaisafirisha kwa gharama zako, na ikiharibika njiani hasara ni yako, basi wewe ni mnunuzi anayeuza tena, hata kama karatasi imekuita wakala. Hapo kukukataza kushuka chini ya bei ya wengine kunakaribia sana kukupangia bei ya chini kabisa ya kuuzia tena, jambo ambalo Sheria ya Ushindani na Ulinzi wa Walaji ya Zambia, Na. 24 ya 2010, inalikataza na kulitangua. Kwa upande wetu wa Kongo ipo sheria Na. 18/020 ya tarehe 9 Julai 2018 kuhusu uhuru wa bei na ushindani, na msingi wake ni kwamba muuzaji hujipangia bei yake mwenyewe, isipokuwa kwa bidhaa na huduma ambazo bei zake hupangwa na serikali. Sisemi kwamba kifungu chako ni batili. Hilo ni la wakili mwenye karatasi yote mbele yake. Ninasema usikichukue kama sentensi ya kawaida ya adabu kati ya wauzaji.

Kuna jambo la kiutendaji pia. Kifungu hakisemi bei ya wakala gani, siku gani, wala kwa kiasi gani cha mzigo. Mwenzako wa Likasi akipandisha bei kesho, je, nawe umeshauza kwa bei ya chini kuliko yeye bila kugusa chochote? Kwa maneno yalivyo, ndiyo.

MamaSabuni_Katuba alijibu:

Ninawashukuru sana nyote. Sabuni ninailipia mwenyewe kabla haijatoka Ndola, na lori likipinduka hasara ni yangu. Kwa hiyo maneno ya Mhasibu yamenigusa moja kwa moja, nami nitakwenda kwa wakili. Binti nimemsomea tafsiri ya Mfasiri, akakubali kwamba ndivyo msimamizi alivyomwambia pia kwa mdomo.

Ombi langu la mwisho: nataka kumwandikia mtengenezaji kwa heshima, nimwombe afafanue kifungu hicho. Nisiandike nini?

Mfasiri_Ruashi alijibu:

Usiandike kwamba hutaki “to be undersold”, Mama, kwa sababu ungekuwa unamwambia kwamba hutaki wengine wakupite kwa bei nafuu, naye angeona kwamba unakiunga mkono kifungu chake. Na usitumie “dumping” popote.

Andika kwa Kifaransa kama watu wake wanakisoma. Kama sivyo, andika kwa Kiswahili nami nitakutafsiria. Ningeanza hivi: “Tumesoma kwa makini kifungu kinachohusu bei za mawakala. Kwa kuwa tunainunua bidhaa kwa fedha zetu na kubeba hasara ya njiani, tunaomba mtufafanulie kama kifungu hiki kinatuwekea bei ya chini kabisa ya kuuzia. Kama ndivyo, ni bei gani, inapangwa na nani, na kwa kufuata sheria ipi.” Kisha mwonyeshe wakili kabla ya kutuma, maana sentensi ya mwisho ni yeye anayepaswa kuamua kama ibaki.

Mwalimu_Kamalondo alijibu:

Barua hiyo ni nzuri. Ningebadilisha jambo moja tu: badala ya “mawakala”, mahali panapomhusu Mama, andika “wanunuzi wanaouza tena”, ili barua yenyewe isikubali jina ambalo ndilo lenye mgogoro.